Nyota Iliyokuwa Ikiangukia Mnero

Baba mdogo anafunga studio. Yeye hasemi anafunga, anasema anapisha. Chumba chake cha barabarani hapa Ruangwa atakichukua kijana anayetoa picha kutoka kwenye simu, na kwa kuwa mimi nina shahada na sina kazi, nimepewa jukumu la kuhamisha vitu. Wiki iliyopita nilifungua mkoba wa ngozi wa kamera yake uliokuwa juu ya kabati, ikanijia harufu ya ngozi iliyokula jasho la miaka, dawa ya mende, na kitu kikavu kama ndani ya redio ya zamani. Nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimepanga kumaliza mapema ili niangalie tena kama majibu ya usaili yametoka, ingawa nilishaangalia nilipoamka, na usiku kabla ya kulala, na katikati ya usiku nilipoamka kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Badala yake nilikaa na mkoba mapajani, moyo ukinienda mbio kwa jambo lililokwisha zamani.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka kamera za mkanda. Ya Baba mdogo ilikuwa ya Kirusi, nzito kama tofali, na mpiga picha aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa maana kuliko mwalimu. Mlivaa nguo za sikukuu, mkasimama mbele ya pazia lenye maua, mkaambiwa msitikisike, halafu mkasubiri. Mkanda ulikuwa hausafishwi mpaka uishe. Picha yako ilikaa gizani pamoja na za harusi ya watu usiowajua, mpaka apatikane mtu wa mwisho wa kuumaliza, ndipo Baba mdogo aupeleke Nachingwea. Siku hizi naona kila kitu papo hapo na bado siwezi kutulia, kwa hiyo sitasema kusubiri kule kulitufundisha subira. Mimi hakukunifundisha.

Nilikuwa kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele. Mama alikuwa amekwenda Mnero na tumbo lake, beseni, kanga mbili na wembe ambao haujafunguliwa, akasubiri kule kwenye nyumba iliyo jirani na hospitali, ambayo kwetu inaitwa chigonela. Ni mahali wanapolala wajawazito wa mbali, na wale ambao wauguzi hawapendi wakae nyumbani siku zikikaribia. Mama alikuwa wa kundi hilo la pili. Uzazi uliotangulia ulikuwa umemrudisha mikono mitupu, na yeye mwenyewe alibebwa kutoka kwenye gari hadi kitandani. Hakuna aliyenieleza hayo. Niliyaokota kidogo kidogo, kwa kuwa kila nilipoingia mahali watu walinyamaza, na mtoto anayenyamaziwa hujifunza kusikiliza kabla hajaingia. Baba alikuwa Kilimarondo shambani. Mvua zikianza alikuwa harudi hadi palizi ya kwanza iishe, kwa sababu nguruwe pori walikuwa wakifukua mbegu usiku wa siku ileile zilipopandwa.

Kwa hiyo nyumbani tulikuwa Bibi, yaani mama yake Baba, na Baba mdogo, na mimi. Mnero ukitaka mtandao wa simu ilibidi upande juu ya kichuguu, na mama mjamzito hapandi vichuguu. Habari zilikuwa haziji.

Jioni moja mvua ilikatika ghafla, mawingu yakafunguka upande wa machweo, na tukamsikia Mama Zuhura, jirani yetu, akiita watu watoke. Tulitoka. Barabara ilikuwa imejaa watu waliosimama wakitazama upande mmoja, kama wanaosubiri gari. Chini kabisa, ndani ya wekundu uliokuwa unazimika, kulikuwa na nyota kali, na kutoka kwenye nyota ile kulikuwa na mkia uliopanda juu na kupinda na kutawanyika, mweupe, kama vumbi linaloachwa na lori kwenye barabara ya Nachingwea wakati wa kiangazi. Haikuwa inawakawaka. Ilikuwa imetulia tu, na utulivu ule ndio ulionitisha.

"Hiyo haitembei bure," Bibi alisema.

Mama Kulwa alikuwa anapita na ndoo yake ya maziwa. Familia yake ilikuwa imefika msimu ule na ng'ombe wengi kutoka Usukumani, na mjini watu walikuwa bado hawajaamua kama wawapende au wawaogope. Maziwa yao walinunua.

"Mama Kulwa!" Mama Zuhura alimwita. "Mlileta ng'ombe, tukanyamaza. Sasa mmeleta na nyota?"

"Ng'ombe wenyewe wananishindaga kuwachunga," Mama Kulwa akajibu bila kusimama. "Nyota nitaiweza mimi?"

Watu walicheka, hata Bibi alicheka. Nikaona hapo ndipo pa kuuliza, watu wakiwa wanacheka.

"Bibi, inaenda wapi?"

Bibi akaonyesha kwa kidevu. "Si unaiona? Inashukia Mnero huko."

Leo najua alimaanisha nini. Kutoka Ruangwa, ukisimama barabarani kwetu, Mnero iko upande ule ule wa machweo; angeweza kusema inashukia nyumba ya Mama Zuhura, ingekuwa sawa. Lakini mimi nilisikia kilichosemwa. Nyota imetoka huko juu, haitembei bure, na inashuka Mnero. Mnero nilikuwa namjua mtu mmoja tu.

Tangu hapo kila jioni nilikuwa wa kwanza nje. Siku za mawingu zilikuwa mbaya kuliko za wazi, kwa sababu sikujua imefika wapi. Siku za wazi niliiona ikianzia juu kidogo, ikishuka, ikishuka, ikapotelea nyuma ya miti, nami nilibaki nimesimama nikisubiri mshindo. Mshindo haukuja. Kesho yake ilikuwa tena juu. Nikaelewa kwamba inajaribu. Inakosa shabaha, inarudi, inaanza upya, na kila siku inazidi kuzoea. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na imani, ambayo hadi leo sijaiondoa kabisa kichwani, kwamba jambo baya likisemwa kwa sauti hupata njia.

Dawa yake niliiona studio. Ukutani kulikuwa na picha ya Babu, aliyekufa kabla sijazaliwa, ameketi na mikono juu ya magoti. Niliwahi kumuuliza Baba mdogo kwa nini Babu amebaki pale ilhali watu wanasema ameondoka, akanijibu huku akifunga flashi, "Nikishampiga mtu picha, haendi popote." Ulikuwa mzaha wake wa kazini, aliwaambia hata maharusi. Mimi niliuweka kichwani kama kanuni. Kitu kikipigwa picha hakitembei tena. Na ushahidi ulikuwa ukutani, ulikuwa haujaondoa mikono magotini miaka yote.

Kwa hiyo Baba mdogo aliposema mezani kwamba anataka kuipiga picha ile nyota, nilirudisha tonge sahanini nisikilize.

Yeye alikuwa na sababu zake. Hakuna mpiga picha mwingine mjini aliyefikiria jambo hilo, na aliiona tayari ile picha kwenye dirisha la studio, watu wamesimama nje wakiishangaa. Tatizo, alieleza, nyota haipigwi kama mtu. Flashi haifiki. Lazima jicho la kamera liachwe wazi muda mrefu, na kamera isiguswe hata na upepo. Miguu mitatu ya kuisimamishia ilikuwa imevunjika kwenye harusi moja ya Nachingwea, mjomba wa bwana harusi alipoiegemea akidhani ni kiti kirefu. Na mkanda uliokuwa ndani ulikuwa umebakiza picha chache mno.

Jioni hiyo anga ilianza vizuri. Baba mdogo alitoka uani na kamera na kifuko cha mbaazi, kwa sababu kamera ukiilaza juu ya mbaazi inakaa unavyotaka. Alijaribu kuiweka ukutani, ukuta ukawa mrefu. Akajaribu kwenye pipa la maji, pipa likawa linacheza. Akazunguka uani, mimi nyuma yake, wekundu ukizidi kupungua, na nyota ikatokea, na kila alipoweka kifuko mahali aliguna na kukiondoa. Nilitamani kupiga kelele. Halafu macho yake yakatua kwenye kinu cha Bibi.

"Mama," akasema, "nikikipindua hiki, kitako chake kinafaa kabisa."

"Kipindue uone," Bibi akajibu.

Mgeni asingeelewa, lakini sisi tulielewa. Kwa Bibi kinu hakipinduliwi hovyo. Kinu kilichopinduliwa ni nyumba isiyotwanga, na nyumba isiyotwanga ni nyumba yenye msiba. Chake kilipinduliwa siku Babu alipokufa, na mara nyingine moja, ambayo ilikuwa siku Mama aliporudi kutoka hospitali bila mtoto.

"Ni dakika chache tu, Mama."

"Mkwe wangu yuko Mnero anasubiri, wewe unanipindulia kinu? Kwa ajili ya hilo dude? Watu wakipita waulize nani kafa, nitawajibu nini, tunapiga picha?"

"Nyota ni nyota, Mama. Haina habari na kinu."

"Haina habari, ndiyo. Kinu kina habari."

Mama Zuhura alikuwa ameshafika na kigoda chake, maana kwetu mabishano yalikuwa na watazamaji. Mama Kulwa naye alisimama mlangoni na ndoo tupu. Nyota ilikuwa inashuka. Niliiona ikikaribia kilele cha mti wa nyuma kabisa, na nikashindwa kujizuia.

"Bibi, mwache aipige!" nikasema. "Mwache aipige isimwangukie Mama!"

Nililia, nikasema yote, kwamba inajaribu kila siku, kwamba inakaribia kupata, kwamba ikishapigwa picha haitaenda popote kama Babu. Ilikuwa aibu kubwa kuyasikia maneno yale nje ya kichwa changu. Baba mdogo alichuchumaa mbele yangu.

"Haianguki," akasema. "Inazama tu. Hata jua si linazama hukohuko Mnero kila siku? Limewahi kumwangukia nani?"

Alinena vizuri, na leo ningemwunga mkono. Lakini wakati ule nilikuwa na jibu. "Jua limezoea njia. Hii ni ngeni."

Mama Kulwa akacheka kwa chini, kicheko cha mtu aliyeguswa mahali. "Kweli, mwanangu," akasema. "Mgeni mpaka azoee, anakanyagaga mashamba ya watu."

Bibi hakucheka. Alinitazama, kisha akatazama machweo kwa muda, na nadhani, ingawa huenda nimeliongeza hili miaka ya baadaye, nadhani aliona kwamba mimi na yeye tulikuwa tunaogopa kitu kimoja na kila mmoja alikuwa anakificha kivyake. Akainuka. Akatoa mchi ndani ya kinu, akakishika kinu kwa mikono miwili, akakilaza, akakipindua mwenyewe. Halafu akaketi chini kando yake, mchi ukiwa mapajani, ameushika kwa mikono yote miwili kama mtu aliye katikati ya kutwanga.

"Mchi uko mkononi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Hatujafunga jiko. Nimepumzika tu. Haya, piga."

Baba mdogo akaweka kifuko, akalaza kamera, akainama. "Mtu asitembee," akasema. Hakuna aliyetembea. Akabonyeza kifungo, nasi tukaisikia midomo yake ikihesabu. Ndipo baiskeli ikakata kona, dainamo ikivuma, taa yake ikatumulika sote usoni. "Hodi hapo! Nani kafa?" mwenye baiskeli akauliza, macho yake kwenye kinu.

"Mama yako!" Bibi akamjibu. "Zima taa!"

Ile ikaharibika. Nyingine ililiwa na wingu lililotoka mahali nisipopaona, likaja polepole na kukaa palepale, kana kwamba limetumwa. Tulisubiri. Mama Zuhura alianza hadithi ya mtu aliyepofuka kwa kutazama mwezi, Bibi akamwambia anyamaze. Mbu walikuwa wanatuuma na hatukuwaua. Miguu yangu ilikuwa haitaki kukaa, kila mfupa ulitaka kwenda mahali, na nilikuwa nimeshika ukingo wa kanga ya Bibi kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Wingu liliposogea, nyota ilikuwa imebaki juu ya miti kwa upana wa kidole.

"Imebaki moja," Baba mdogo akasema. "Kama imebaki."

Akabonyeza. Mimi nilikuwa karibu mno na kinu, na nilikuwa nausikia moyo wangu ukipiga, na nikapata hakika kwamba unapiga ardhi, ardhi inatikisa kinu, kinu kinatikisa mbaazi. Nilijaribu kuusimamisha. Ninajua inavyosikika. Nilibana pumzi na kuuambia moyo usubiri, na nyota ikaingia mtini, ikatoka kati ya matawi, ikaingia tena. Baba mdogo akaachia kifungo. Akajaribu kuzungusha mkanda, ukagoma. Umeisha.

Bibi hakungoja aondoe vitu vyake. Alikisimamisha kinu, akakipiga kofi ubavuni kama anayepangusa mtoto aliyeanguka, akamwaga mahindi ndani na kuanza kutwanga palepale. Hatukuwa na haja ya unga jioni ile, chakula kilishaiva. Alitwanga ili nyumba isikike.

"Mke mwenzangu," aliniita katikati ya mapigo, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "ingia ndani. Imeshapigwa."

Jioni iliyofuata mvua ilinyesha, na iliyofuata, na anga ilipofunguka tena nyota ilikuwa imefifia, wengine wakisema wanaiona na wengine wakisema ni moshi. Hilo halikunipa raha, kama unavyoweza kudhani. Nilijiuliza kama imefifia kwa sababu imekamatwa au kwa sababu imeshafanya kazi iliyoileta. Baba mdogo alikwenda Nachingwea na mkanda, akasema huenda akapitia Mnero. Neno lile "huenda" lilinikosesha usingizi.

Alirudi ndani ya lori la mbao, mchana, na kwenye kiti cha mbele kando ya dereva alikuwa ameketi Mama. Alishuka mwenyewe. Alishuka polepole, akishikilia mlango, lakini kwa miguu yake, na kifuani alikuwa na kitu kilichofungwa kwa kanga kikitoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta. Bibi alipiga vigelegele hadi akakohoa. Kisha akafunua kanga na kuhesabu vidole, akarudia kuhesabu, akasema, "Mwanamume. Sura ya Babu yake, maskini."

Baada ya chai Baba mdogo akatoa bahasha. Hakuwa na furaha. Picha ya mwisho kwenye mkanda, alieleza, mara nyingi hutoka nusu, kwa sababu ncha ya mkanda huwa imebanwa wakati wa kusafisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kulikuwa na miti myeusi, anga ya bluu iliyokolea, na kwenye matawi ya juu nukta nyeupe iliyovutika kidogo. Ilipotakiwa kuanza mkia, picha ilikuwa imekwisha, weupe mtupu hadi ukingoni. Nyota kama nyota nyingine yoyote. Nani angesimama dirishani kuishangaa?

Mimi niliishangaa. Nilimkimbilia Mama, nikamweleza kwamba tuliikata mkia, ndiyo maana ilishindwa kuwafikia. Nilimweleza kuhusu kinu na baiskeli na wingu. Mama alisikiliza akinyonyesha, akaipokea picha kwa mkono mmoja na kuisogeza kwenye mwanga.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Iwafikie akina nani?"

"Ninyi. Ilikuwa inaangukia Mnero."

"Mnero?" Mama akacheka, akajishika tumbo kwa sababu kucheka kulikuwa bado kunamuumiza. "Mbona sisi pale chigonela tuliiona inashukia Kilimarondo? Wenzangu walinichoka. Kila jioni natoka na tumbo langu, nashika nguzo ya baraza, natazama kwa baba yako mpaka giza linaingia. Wakaniambia, mwenzetu, wewe umekuja kuzaa au kulinda shamba?"

Bibi alicheka hadi machozi. Baba mdogo alicheka pia, akasema basi huko Kilimarondo nao walikuwa wanawaonea huruma watu wa mbele yao. Nyumba nzima ilikuwa inacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

"Baba anarudi lini?" nikauliza.

"Palizi ikiisha."

"Inaisha lini?"

"Mwanangu, si mimi hapa nimefika?" Mama akasema. "Njoo ukae. Umshike mdogo wako."

Nikakaa mkekani na kunyoosha miguu. Alinionyesha namna ya kuweka mkono chini ya kichwa, na akamlaza mapajani mwangu, mzito kuliko nilivyodhani, wa moto kama mkate. Alinyamaza palepale. Watu wakasema amenijua. Nilimshika kwa mikono yote miwili, vizuri, nilivyofundishwa, na juu ya kichwa chake nikaendelea kutazama mlangoni, kule jua lilikokuwa linaelekea.